Uzi maalumu: Vipandikizi vya kushikilia meno ya bandia na madaraja – taya ya chini, taya ya juu, na matengenezo ya baadaye

KingoYaTaya (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Maswali mengi ya vipandikizi yanayoletwa hapa jukwaani huanza na "kimoja shilingi ngapi?" Kwa aliyepoteza jino moja, sawa. Kwa asiye na meno kabisa, au aliyebakiwa na matatu manne, swali hilo linampoteza, maana anachokwenda kununua ni meno ya kutafunia. Vipandikizi, yaani skrubu za chuma zinazokazwa ndani ya mfupa wa taya, ni vya kuyashikilia tu, na idadi yake, urefu wake na mahali pa kuvikaza huamuliwa na meno yatakayokuja juu. Daktari akitoboa mfupa kwanza halafu ndiyo akae kufikiria meno, mgonjwa analipa mara mbili.

Nianze na taya ya chini kwa sababu ndiyo inayotesa watu. Meno kamili ya juu yana kaakaa la kuyashika: plastiki inafunika eneo kubwa, mate yanaziba kingo, yanakaa. Ya chini yanakalia ukingo mwembamba wenye umbo la kwato, ulimi unayasukuma kwa ndani, misuli ya mdomo na mashavu inayasukuma kwa nje. Na ukingo wenyewe unalika. Jino likishang'olewa, upana wa mfupa pale lilipokuwa hupungua karibu nusu ndani ya mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Baada ya hapo mfupa unaendelea kupungua polepole maisha yote, taya ya chini zaidi ya ile ya juu. Ndiyo maana mtu aliyevaa meno kamili miaka 15 anakwambia "zamani yalikuwa yananikaa vizuri".

Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, walitoa tamko kwamba kwa asiye na meno ya chini kabisa, meno ya kuvua na kuvaa yanayoshikwa na vipandikizi viwili ndiyo yawe chaguo la kwanza. Wenzao wa Uingereza wakaunga mkono kwa tamko la York la 2009. Viwili tu. Si sita, si nane. Ukiambiwa taya ya chini lazima vipandikizi sita ndipo utafune, omba maelezo ya maandishi.

Viwili hivyo hukaa mbele, kati ya matundu mawili ya neva ya kidevu, kwenye nafasi za chonge au hatua moja mbele yake. Vikirudishwa nyuma sana, mtu anapouma kwa meno ya mbele, meno ya bandia yanainuka nyuma, kwa sababu kuna sehemu ndefu ya plastiki iliyotangulia mbele ya mshikio. Kila kipandikizi kinapata kichwa kifupi kinachochungulia juu ya ufizi, na chini ya meno ya bandia kinafungwa kikombe cha chuma chenye nailoni ndani. Mgonjwa anavaa, anabonyeza, inalia "ta", imeshika, kama kifungo cha kubonyeza cha nguo.

Jambo moja watu hawaelezwi: kwa mpangilio huu meno bado yanakalia ufizi. Vipandikizi vinazuia yasielee na yasiruke, lakini uzito wa kutafuna kwa magego unabebwa na ufizi wa nyuma. Mwenye kutaka meno yasiyovuliwa na yasiyogusa ufizi, hiyo ni kazi nyingine, na tutaifikia.

---

FundiAkriliki

Asante mkuu. Mimi nazungumzia upande wa maabara, na la kwanza ni nafasi. Hili ndilo linalovunja kazi nyingi kuliko jambo lolote lingine.

Pimeni kutoka kilele cha kipandikizi hadi ncha ya jino la bandia. Kwa vichwa vifupi aina ya Locator unahitaji kama milimita 9 angalau. Kwa ufito wa chuma unaounganisha vipandikizi, 12 hadi 14. Kwa meno ya kudumu yanayokazwa kwa skrubu, akriliki (plastiki ya meno ya bandia) juu ya fremu ya chuma, 15. Ikipungua hapo, plastiki juu ya kikombe inakuwa nyembamba na meno yanapasuka palepale, karibu na chonge, kila baada ya miezi michache. Mgonjwa anadhani fundi ametumia akriliki mbovu, kumbe kulikuwa na milimita 2 tu za kufanyia kazi.

Utajuaje kabla? Tengeneza meno kwanza. Mgonjwa ayajaribu yakiwa kwenye nta, urefu wa uso ukubalike, midomo ikae vizuri. Kisha nakili meno hayo kwa plastiki angavu, hiyo ndiyo iwe kiongozi cha daktari wakati wa kutoboa. Mfupa ukiwa mrefu na nafasi ikawa ndogo, daktari anapunguza kilele cha mfupa siku ileile ya upasuaji. Baadaye haiwezekani tena kirahisi.

Na hata nafasi ikitosha, wekeni wavu au fremu ya chuma cha krome-kobalti ndani ya meno ya chini. Mwenye vipandikizi anauma kwa nguvu kuliko alipokuwa na meno yanayoelea, na akriliki tupu inapasuka katikati.

Sasa kufunga vikombe. Wengi hufanya kitini kwa mgonjwa, na makosa ni yaleyale. Vichwa vikishakazwa kwa spana ya kipimo, pete nyeupe ya silikoni inavishwa kwanza kuzunguka kila kichwa, ndipo kikombe chenye nailoni nyeusi ya kazi kinabonyezwa juu. Pete hiyo isisahaulike. Bila pete, akriliki laini inapita chini ya kikombe, inagandia kwenye bonde la kichwa, na meno hayatoki mdomoni. Hapo ni kuyakata vipande mgonjwa akiwa kitini.

Halafu unachimba mashimo chini ya meno hadi yakae sawasawa kwenye ufizi bila kugusa kikombe hata kidogo. Hakikisha kwa silikoni nyepesi: mahali ilipopasuka na plastiki kuonekana, bado panagusa, chimba tena. Toboa tundu dogo upande wa ulimi ili akriliki ya ziada itoke. Weka akriliki ya kujigandia kidogo kwenye shimo na kidogo juu ya kikombe, vaa, mgonjwa afunge mdomo meno yakigusana kwa wepesi tu. Akiuma kwa nguvu, ufizi unabonyea, na baadaye ukirudi juu unayasukuma meno, yanalegea kwenye vichwa na nailoni inalika mapema. Subiri igande kabisa, toa, jaza mapengo, sawazisha, ndipo uchomoe nyeusi na kuweka nailoni halisi.

Kwa Locator za kawaida, bluu hushika kwa takriban kilo 0.7, waridi 1.4, nyeupe angavu 2.3. Anza na bluu. Mzee mwenye vidole vyenye baridi yabisi ukimpa nyeupe mbili hataweza kuvua meno yake mwenyewe.

---

BintiPwani

Asanteni kwa maelezo. Maswali mawili kwa wataalamu: mwenye kisukari anaruhusiwa? Na mtu akishafungiwa vipandikizi chini, meno ya juu ya kawaida aliyonayo yanaathirika au yanabaki yalivyo?

---

DktUpasuaji_Kinywa

Dada BintiPwani, la kisukari linategemea kimedhibitiwa kiasi gani. Tunaangalia HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Ikiwa 7 au chini yake tunaendelea kama kawaida. Ikizidi 8 ni bora kusubiri sukari ishuke, kwa sababu kidonda kinachelewa kufunga na maambukizi yanaingia kwa urahisi. Presha iliyodhibitiwa haizuii. Anayeishi na VVU na anatumia dawa vizuri, virusi vikiwa vimefubaa, naye anaweza kufanyiwa.

Wanaonipa hofu ni wengine. Aliyechomwa sindano za asidi ya zoledroniki kwa ajili ya saratani iliyoingia kwenye mifupa: taya yake inaweza kufa sehemu na kubaki wazi, huyo tusimguse. Aliyepigwa mionzi kichwani au shingoni: tunahitaji kujua dozi iliyofika kwenye taya, na ikizidi Gy 50 (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) hatari ni kubwa. Mvutaji sigara: uwezekano wa kupoteza kipandikizi ni mkubwa zaidi, na aelezwe wazi kabla hajalipa. Anayetumia dawa za kulainisha damu asiziache kwa uamuzi wake, azungumze kwanza na daktari aliyemwandikia.

Kuhusu meno ya juu: ndiyo, yanaathirika. Chini pakishashikwa mbele, mtu anaanza kutafuna kwa meno ya mbele kwa sababu ndiko kwenye uimara. Nguvu hiyo inagonga sehemu ya mbele ya meno ya juu, yanalegea nyuma, na mfupa wa mbele wa juu unalika kwa kasi. Kinga yake ni kupanga meno upya ili ya mbele yasigusane anapofunga mdomo, magego yabebe mzigo pande zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo mara nyingi ni vyema meno ya juu yatengenezwe upya pamoja na ya chini.

Upasuaji wenyewe. Piga CT ya taya, picha inayoonyesha mfupa pande zote. Picha bapa ya mdomo mzima haitoshi kwa sababu haionyeshi unene wa mfupa kutoka mdomoni kwenda ulimini. Acha milimita 2 juu ya neva, 3 kati ya kipandikizi na kipandikizi, 1.5 kati ya kipandikizi na jino. Kutoboa ni kwa mzunguko wa 800 hadi 1,200 kwa dakika, keekee kali, maji baridi ya chumvi yakimwagika muda wote. Mfupa ukifika nyuzi 47 kwa dakika moja tu, chembe zake hufa, na kipandikizi kitazungukwa na nyama badala ya mfupa. Hakitauma, hakitatoa usaha, ila siku ya kukaza kichwa kitazunguka chenyewe. Keekee butu inayotumika mwaka wa tatu ndiyo chanzo cha kawaida.

Nisisitize hatari moja ambayo watu huidharau kwa sababu eneo la mbele halina neva kubwa. Upande wa ulimi wa kidevu una bonde, na chini ya ulimi kuna mishipa ya ateri. Keekee ikitoboa ukuta wa ndani, damu inajikusanya chini ya ulimi bila kuonekana, sakafu ya mdomo inavimba, ulimi unasukumwa juu na nyuma, njia ya hewa inaziba. Inaweza kutokea saa kadhaa baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Mgonjwa aambiwe: ulimi ukiinuka, ukishindwa kumeza au kuongea vizuri, kimbia hospitali usiku huohuo. Usisubiri asubuhi.

Kupona: chini miezi 2 hadi 3, juu 3 hadi 6. Meno ya zamani yasivaliwe siku 7 hadi 14 za mwanzo, halafu yachimbwe juu ya vipandikizi na kuwekewa plastiki laini.

---

MdauWaTemeke

Dokta na wakuu, na juu je? Viwili vinatosha huko nako?

---

KingoYaTaya

Hapana mkuu, juu ni habari nyingine. Mfupa wa juu ni laini, wenye vinyweleo, na nyuma kuna uwazi wa sainasi unaoshuka kadiri magego yanavyokosekana. Kwa meno ya kuvua na kuvaa juu, hesabu vipandikizi 4 angalau, vilivyotawanyika, na wengi tunapendelea viunganishwe kwa ufito. Faida yake ni kwamba kaakaa linaweza kukatwa wazi, mtu akapata ladha na joto la chakula. Anayesumbuliwa na kutapika akivaa meno ya juu, hii inamfaa sana. Ila kama meno ya juu ya kawaida yamemkaa vizuri, pesa ielekezwe chini kwanza.

Kwa meno ya kudumu ya taya nzima kuna njia ya vipandikizi vinne iliyoanzishwa na Paulo Malo kule Lisbon, Ureno, mwishoni mwa miaka ya 1990. Viwili vya mbele husimama wima, viwili vya nyuma hulazwa nyuzi 30 hadi 45 ili kukwepa sainasi juu na neva chini, huku ncha yake ya kutokea ikirudi nyuma zaidi. Meno ya muda ya plastiki hukazwa siku ileile, lakini kwa sharti: vipandikizi viwe vimekaza kwa 35 Ncm (kipimo cha nguvu ya kukaza skrubu) au zaidi wakati wa kuvizungusha. Kimoja kikikaza kwa 15, daktari mwaminifu atavifunika na kusubiri, hata kama alikwishaahidi "meno kwa siku moja". Na hayo ya siku moja ni ya muda. Ya kudumu huja baada ya miezi kadhaa, na wiki za mwanzo chakula ni laini: uji, ndizi zilizopondwa, samaki bila kukaangwa mkavu. Si mahindi ya kuchoma.

---

FundiAkriliki

Naongezea kwa wanaofanya madaraja ya skrubu, yaani meno yaliyounganishwa pamoja, yanayokazwa juu ya vipandikizi na hayavuliwi. Fremu lazima ikae bila kulazimishwa. Jino la asili lina utando unaolipa nafasi ya kucheza kidogo; kipandikizi kimegandia kwenye mfupa, hakisogei. Fremu ikiwa na kosa, skrubu zinaivuta kwa nguvu, na baada ya muda skrubu inalegea, inakatika, au kaure inabanduka.

Wakati wa kuchukua vipimo, unganisheni vishikio vyote (vipande vinavyokazwa juu ya vipandikizi ili kuchukua vipimo) kwa akriliki ngumu mdomoni, muikate katikati kwa diski nyembamba, halafu muunge tena kwa akriliki kidogo. Akriliki hujikunja inapoganda, na ukiiunga mara moja tu bila kukata, inavivuta vishikio. Fremu ikija, kaza skrubu moja ya mwisho upande mmoja, nyingine zote ziwe wazi, kisha angalia upande wa pili kwa macho na kwa eksirei. Ukiona uwazi, kata fremu, iungwe upya. Usijifariji kwamba "itakaa ukikaza zote".

---

DktUpasuaji_Kinywa

Na kwa waliopoteza meno matatu au manne tu upande mmoja: vipandikizi viwili vinabeba daraja la meno matatu, jino la kati likining'inia. Huhitaji kipandikizi kwa kila jino. Lakini msiunganishe kipandikizi na jino la asili kwenye daraja moja kama kuna njia nyingine. Jino linacheza, kipandikizi hakichezi. Jino linaweza kuzama polepole ndani ya ufizi na kuachana na daraja, na mzigo wote ukabaki kwa kipandikizi.

Kipande kinachoning'inia nyuma ya kipandikizi cha mwisho kisiwe kirefu. Kwa daraja dogo, jino moja, tena jembamba. Kwa taya nzima, pima umbali kutoka mstari wa vipandikizi vya mbele hadi mstari wa vile vya nyuma. Kipande cha nyuma kisizidi mara 1.5 ya umbali huo. Kwa anayesaga meno usingizini, kipunguzwe zaidi.

Daraja lishikwe kwa saruji (gundi ya meno) au skrubu? Skrubu, inapowezekana. Saruji inayobaki chini ya ufizi haionekani, na ufizi unavimba na kutoa usaha miezi au miaka baadaye. Tundu la skrubu lizibwe kwa utepe mweupe wa mafundi bomba uliosafishwa kwa joto la mvuke, juu yake komposit, plastiki ya kuzibia meno. Siku ya kufungua, utepe unavutika wote kwa mara moja na kichwa cha skrubu ni kisafi.

---

MuuguziMeno_Mza

Niseme la usafi, maana wengi hudhani jino la chuma halioozi basi kazi imekwisha. Halioozi kweli, lakini ufizi na mfupa unaolizunguka vinaugua. Mwanzo ni damu wakati wa kupiga mswaki, na hapo bado panatibika kabisa kwa kusafishwa. Usaha ukianza na mfupa ukionekana kupungua kwenye eksirei, unaweza kusimamishwa lakini mfupa haurudi kirahisi.

Wa kuvua na kuvaa: vua usiku, osha kwa sabuni ya maji na brashi laini, loweka kwenye maji safi. Dawa ya meno inakwaruza akriliki. Maji ya moto yanaipinda. Dawa ya kung'arisha nguo inaharibu vyuma. Kisha vichwa vyenyewe mdomoni visuguliwe kwa mswaki laini pande zote, na hasa bonde la katikati ya kichwa, kwa sababu chembe za chakula zikijaa humo meno hayazami mpaka mwisho na nailoni inatafunwa. Msiyazamishe meno kwa kuyauma! Yabonyezwe kwa vidole viwili, kulia na kushoto kwa pamoja.

Wenye madaraja: uzi mnene wenye ncha ngumu, au brashi ndogo ya katikati ya meno yenye waya uliofunikwa plastiki, chini ya daraja kila siku. Fundi akijenga daraja lililokaba ufizi kiasi brashi haipiti, lirudishwe likatengenezwe. Kukaguliwa ni kila miezi 6, na eksirei ya kulinganisha ipigwe siku daraja linapofungwa.

---

BintiPwani

Nimeelewa sana, asanteni. La mwisho: nailoni zinadumu muda gani? Nimesikia watu wanazibadilisha kila baada ya miezi mitatu.

---

KingoYaTaya

Dada, mwaka mmoja hivi ni kawaida, wengine zaidi. Zikiisha kila miezi mitatu, tatizo si nailoni. Fanya kipimo hiki: vaa meno, bonyeza gego la kulia kwa kidole kwa nguvu, halafu la kushoto. Yakiinuka upande wa pili au mbele, mfupa wa nyuma umepungua, chini ya meno kuna uwazi, na kila unapotafuna meno yanapigisha bembea juu ya vichwa. Dawa yake ni kujazwa upya plastiki ya chini yakae tena kwenye ufizi, kisha ndiyo nailoni mpya. Sababu ya pili ni vipandikizi vilivyosimama vikitazama pande tofauti kupita nyuzi 20 kati yao. Hapo zinahitajika nailoni za aina nyingine, za kijani au nyekundu.

Kwa wanaokwenda kufanyiwa nje, India au kwingineko, na hata mnaofanyiwa Dar au Nairobi: msitoke kliniki bila kadi. Iandikwe jina la kampuni, aina ya kipandikizi, kipenyo, urefu, namba ya bechi, tarehe, nafasi ya kila kimoja mdomoni, na aina ya kichwa pamoja na urefu wa shingo yake. Kila kampuni ina bisibisi yake na skrubu yake. Skrubu ya kampuni nyingine inaweza kuingia na kukaza, halafu ikaharibu nyuzi za ndani, na kipandikizi kizima kilichogandia vizuri kikawa hakina matumizi. Ombeni pia eksirei ya mwisho kwenye simu. Kabla ya kulipa, ulizeni kama vipuri vya kampuni hiyo vinapatikana nchini. Kama havipatikani, nunueni kabisa nailoni za ziada, skrubu za akiba na bisibisi yake, mrudi navyo.